Howard Grubb, fundi wa darubini za nyota aliyebuni nukta ya kulengea shabaha

Katika filamu za polisi na wanajeshi ambazo wengi wetu huzitazama kwenye simu, bunduki nyingi za siku hizi zina kidude chenye kioo kilichofungwa juu yake. Mwenye bunduki hutazama ndani ya kioo hicho na kuona nukta nyekundu. Watu wengi hudhani ile ni taa inayommulika anayelengwa. La, sivyo. Nukta ile haiendi mbele hata kidogo. Anayelengwa haioni, na hata mtu aliyesimama begani kwa mpigaji haioni. Inaonekana kwa yule tu ambaye jicho lake liko nyuma ya kioo.

Ubunifu huo una zaidi ya miaka 120 sasa, na aliyeuanzisha hakuwa askari wala mwindaji. Alikuwa Sir Howard Grubb wa Dublin, Ayalandi, mtu ambaye karibu maisha yake yote alitengeneza darubini za kutazamia nyota. Tunasimulia habari zake kwa sababu huko Marekani na Ulaya wanamichezo wa shabaha na askari polisi hubishana kila siku kuhusu jambo moja: bunduki fupi inayotumia risasi za bastola ifungwe kifaa gani cha kulengea? Ukifahamu alichokifikiria Grubb, ubishi huo unakuwa mwepesi kuelewa. Kifaa chenyewe, katika makala haya, tutakiita kilengeo.

Mtoto wa karakana

Howard Grubb alizaliwa Dublin tarehe 28 Julai 1844. Baba yake, Thomas Grubb, alikuwa fundi wa mashine aliyeanza na karakana ndogo ya kusubu chuma, ambamo hata meza za biliadi zilitengenezwa. Baadaye akawa mhandisi wa Benki ya Ayalandi, akabuni mashine za kuchapa noti na kuzitia namba. Darubini zilianza kama kitu alichokipenda tu, mwishowe zikawa biashara ya ukoo.

Howard aliingia chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi. Hakumaliza. Katikati ya miaka ya 1860 baba yake alipata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, darubini ya kupelekwa Melbourne, Australia, na kijana akaitwa nyumbani kusaidia. Kioo chake kilikuwa na upana wa inchi 48, yaani kama sentimita 122. Enzi hizo vioo vikubwa vya darubini vilikuwa vya metali, mchanganyiko wa shaba na bati, na kuving'arisha ilikuwa kazi ya subira ya ajabu.

Darubini ilikamilika mwaka 1868 na ikasafirishwa kwa meli. Huko Melbourne mambo hayakwenda vizuri. Metali ilififia, na kuisugua upya kulitaka fundi stadi ambaye hakuwepo upande ule wa dunia. Jengo lake halikuwa na kuba la kuikinga, hivyo upepo uliitikisa. Ikabaki na sifa ya kushindwa. Si haki sana kwa waliyoitengeneza, lakini ndivyo ilivyo kwa chombo chochote: kinapimwa pale kinapotumika, mikononi mwa mtu asiyemjua fundi, katika upepo ambao fundi hakuuona.

Baada ya hapo Howard alishika usukani wa kampuni, na jina lake likapanda. Mwaka 1878 alikamilisha darubini ya lenzi ya inchi 27 kwa ajili ya Vienna, Austria, ambayo wakati huo haikuwa na mfano wake kwa ukubwa duniani. Mwaka 1887 alipewa heshima ya kuitwa Sir. Mwaka 1893 darubini yake ya inchi 28 iliwekwa Greenwich, karibu na London, na hadi leo ipo. Wanasayansi wa nchi mbalimbali walipokubaliana kupiga picha za mbingu nzima ili kupata ramani ya nyota, kadhaa wa washiriki waliagiza vifaa kwake. Kimoja kilikuja Afrika, kwenye kituo cha kutazama nyota cha Cape Town. Darubini nyingine kubwa ya Grubb, ya inchi 24, ikafuata hapo hapo Cape Town mwishoni mwa miaka ya 1890.

Jicho halina macho mawili ya umbali

Fanya jaribio hili dogo hapo ulipo. Nyoosha mkono, simamisha kidole kimoja, halafu tazama mti ulio mbali. Mti unaonekana vizuri, kidole kimefifia. Sasa tazama kidole. Kidole ni safi, mti ndio umefifia. Jicho la binadamu haliwezi kuona vizuri kitu cha karibu na cha mbali kwa wakati mmoja.

Bunduki ya kawaida humdai mpigaji afanye jambo hilo hilo lisilowezekana, tena kwa vitu vitatu. Karibu na jicho kuna kipande cha chuma chenye pengo. Mwishoni mwa mtutu kuna kijiti. Mbele kabisa kuna shabaha. Vyote vitatu lazima viwe kwenye mstari mmoja, na jicho linaweza kuchagua kimoja tu. Vijana hufanikiwa kwa sababu macho yao hubadilika upesi. Mtu aliyefika umri wa kusogeza simu mbali ndipo asome ujumbe anajua tunasema nini.

Darubini ndogo iliyofungwa juu ya bunduki ilikuwepo tayari enzi za Grubb, na ilimaliza tatizo hilo la vitu vitatu. Ila ilileta mengine. Unaona sehemu ndogo tu ya eneo lililo mbele yako, kama anayechungulia kwenye tundu la mlango. Jicho lazima likae mahali pake barabara, likisogea kidogo picha inakuwa giza. Na shabaha ikiwa karibu au inakimbia, utapoteza muda ukiitafuta ndani ya bomba.

Mwaka 1900 Grubb alipata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ya kilengeo cha aina nyingine kabisa. Mwaka 1901 alikieleza katika jarida la sayansi la jumuiya ya Royal Dublin Society, akisema kinafaa kwa mizinga na kwa bunduki ndogo pia. Waingereza wakati huo walikuwa vitani na Makaburu huko Afrika Kusini.

Namna kinavyofanya kazi si vigumu kuieleza kwa mtu aliyewahi kusafiri na basi la usiku. Taa ikiwaka ndani ya basi, ukitazama dirishani unaiona taa hiyo ikielea huko nje, gizani, katikati ya miti. Kioo kinakuonyesha vitu viwili pamoja: kilichopo nje na taswira ya kilichopo ndani. Grubb aliweka kioo cha namna hiyo mbele ya jicho kwa mshazari. Chini yake akaweka alama ndogo inayopata mwanga. Mpigaji anaona shabaha kupitia kioo, na juu ya shabaha anaona alama.

Hapo ndipo ujuzi wa nyota ulipoingia. Kama angeishia kwenye kioo tu, alama ingehama kila mara mtu anaposogeza kichwa. Kwa hiyo kati ya alama na kioo aliweka lenzi inayoifanya miale itoke ikiwa sambamba, kama inavyotufikia miale ya nyota. Kila mtoto aliyewahi kutembea usiku wenye mbalamwezi anajua kwamba mwezi humfuata. Akikimbia, nao unakimbia, hauachwi nyuma kama miti. Sababu ni kwamba uko mbali sana. Alama ya Grubb nayo inaonekana kama iko mbali kiasi hicho. Ukisogeza kichwa kushoto au kulia, inabaki juu ya shabaha ile ile. Jicho halina haja ya kuchagua kati ya karibu na mbali, kwa kuwa vyote sasa viko mbali. Na macho yote mawili yanaweza kubaki wazi.

Hakuongeza ukubwa wa kitu chochote. Kwa mtu aliyepata jina kwa kuvikuza vitu vya mbali, naona huo ndio upande unaoshangaza zaidi katika uvumbuzi wake.

Bahari ilivyomlipa

Bunduki za mkononi hazikunufaika na kilengeo hicho kwa muda mrefu. Kilihitaji kioo, ambacho huvunjika, na mwanga, ambao gizani ungehitaji balbu na betri za wakati ule, nzito na zisizodumu. Kilichomletea Grubb fedha kilikuwa kitu kingine. Mwaka huo huo wa 1901 jeshi la majini la Uingereza lilizindua nyambizi yake ya kwanza, na nyambizi haina maana kama nahodha haoni kilicho juu ya maji. Grubb alitengeneza periskopu, lile bomba refu lenye lenzi na vioo linalochungulia juu ya mawimbi huku chombo kikiwa kimezama.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, karakana ya Dublin iligeuka kuwa kiwanda cha periskopu. Darubini za nyota ziliwekwa kando. Ila Dublin haikuwa mahali salama pa kazi ya siri. Mwaka 1916 wazalendo wa Ayalandi waliinuka kupigania uhuru wao, na baharini nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli. Mwaka 1918 kiwanda kilihamishiwa St Albans, Uingereza. Grubb alikuwa na miaka 74.

Mwaka huo huo upande wa pili wa vita, Wajerumani walitoa vitu viwili ambavyo havikuwa na uhusiano. Marubani wao walianza kutumia kilengeo cha kioo kinachofuata wazo la Grubb, kilichotengenezwa na kampuni ya Oigee ya Berlin, wakikifunga mbele ya kiti chao kwenye ndege za kivita. Na askari wao wa miguu walipewa MP 18, bunduki fupi inayofyatua mfululizo risasi za bastola za milimita 9. Rubani alipata kioo, askari wa miguu akabaki na vipande vya chuma.

Hakuna aliyeviunganisha viwili hivyo. Ndege ziliendelea na kioo, na katika Vita vya Pili vya Dunia ndege za Uingereza aina ya Spitfire zilikuwa nacho. Bunduki ya mkononi ilisubiri hadi taa ndogo za elektroniki zilipopatikana, zile za aina ya zinazowaka kwenye redio na tochi zetu. Mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ilitoa kilengeo cha nukta nyekundu kinachotumia taa hiyo na betri ndogo. Leo betri moja yaweza kudumu miaka, kifaa kikiwa kimewashwa muda wote.

Kwa nini bunduki ya risasi za bastola

Bunduki fupi za risasi za bastola ni za zamani kuliko MP 18. Grubb alipokuwa bado kijana, wafugaji na walinzi wa Marekani walinunua Winchester ya mwaka 1873, na miaka michache baadaye Colt akatengeneza bastola inayotumia risasi zile zile. Mtu alibeba mfuko mmoja wa risasi kwa silaha zote mbili. Faida hiyo bado ipo, na ndiyo inayowavuta wanamichezo wa shabaha wa leo, pamoja na bei ya risasi na mshindo mdogo begani.

Risasi ya bastola, hata ikitoka kwenye mtutu mrefu, huenda kwa mwendo kama nusu ya risasi ya bunduki ya kivita. Kwa hiyo hushuka mapema. Kazi yake halisi ni ndani ya mita 100, na mara nyingi ndani ya mita 50. Katika umbali huo binadamu hahitaji kitu kikuzwe mara kumi. Anahitaji kukiona upesi na kujua kilichopo pembeni yake, hasa kama pembeni kuna mtu asiyehusika. Hapo nukta ya Grubb inaishinda darubini, na sababu ni zile zile alizozitoa mwaka 1901.

Lakini haimfai kila mtu. Kuna watu ambao ukuta wa mbele wa jicho lao haukuviringana sawasawa. Wao huiona nukta kama nyota yenye mikia au kama tone lililomwagika, na mara nyingi hudhani kifaa ni kibovu. Jaribio ni rahisi: ipige picha nukta hiyo kwa simu. Ikiwa ya duara kwenye picha, tatizo liko kwenye jicho. Mtu huyo huenda akapata nafuu kwa miwani, au kwa tundu dogo la chuma la kuchungulia, ambalo husaidia jicho kuona vizuri zaidi bila betri yoyote.

Ukubwa wa nukta nao una maana. Nukta ndogo ya kawaida hufunika kama sentimita 6 kwa umbali wa mita 100, kubwa hufunika kama sentimita 17. Kubwa huonekana haraka, ndogo haifichi shabaha ya mbali. Na bunduki nyingi za namna hii zina kipande kizito cha chuma kinachorudi nyuma kwa kishindo kila risasi inapotoka. Kishindo hicho hulegeza skrubu na kuua vilengeo vya bei rahisi, jambo ambalo tangazo la dukani halitaji.

Kuna jingine ambalo hata wazoefu husahau. Kioo kiko juu ya mtutu, kwa kawaida sentimita 4 hadi 7. Kwa hiyo kwa umbali wa hatua chache risasi hupiga chini ya nukta kwa kiasi kinachokaribia hicho. Nukta iko sahihi, mtutu uko sahihi, ila mistari yao haijakutana bado. Katika mashindano hilo hugharimu pointi. Kwa askari mwenye jukumu la kulinda watu, ni la kufanyiwa mazoezi kabla ya siku ya kazi. Na betri ikiisha, kile kijiti cha chuma kwenye ncha ya mtutu ndicho kinachobaki, ndiyo maana wenye busara hawakiondoi.

Miaka ya mwisho

Turudi kwa Grubb mwenyewe. Vita vilipokwisha, oda za periskopu zilipungua, na wateja wa darubini walikuwa wamesubiri mno. Kituo cha kutazama nyota cha Johannesburg kiliagiza darubini kubwa kwake mwaka 1909. Kiliipata mwaka 1925, miaka 16 baadaye.

Katikati ya shida hizo kulitokea jambo ambalo lingeweza kumfurahisha fundi yeyote. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa, na Waingereza walituma misafara miwili kupima kama mwanga wa nyota hupindishwa unapopita karibu na jua, kama alivyotabiri Albert Einstein. Mmoja ulikwenda kisiwa cha Principe, pwani ya magharibi ya Afrika, mwingine Sobral, Brazil. Huko Sobral darubini kubwa ilitoa picha zenye ukungu. Picha safi zilitoka kwenye lenzi ndogo ya inchi 4 tu, iliyobebwa kama akiba. Lenzi hiyo ilikuwa imetengenezwa Dublin na Grubb. Vipimo vyake vilimuunga mkono Einstein.

Hayo hayakulipa madeni. Mwaka 1925 kampuni ilifikia kufilisika, ikanunuliwa na Sir Charles Parsons, mvumbuzi wa mtambo wa mvuke unaoendesha meli na majenereta. Shughuli zikahamia Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, chini ya jina la Grubb Parsons, na darubini ziliendelea kutoka huko kwa miaka mingi. Mzee Grubb alirudi Dublin. Alifariki tarehe 16 Septemba 1931 huko Monkstown, nje kidogo ya mji huo, akiwa na miaka 87, miaka 44 kabla ya nukta nyekundu ya Uswidi.

Siku hizi ukinunua darubini ndogo ya kutazamia nyota, kubwa yake ikiwa kama ndoo ya maji, mara nyingi utakuta ubavuni kidude cha plastiki chenye kioo na nukta nyekundu. Kinasaidia kuelekeza bomba kwenye nyota unayoitaka kabla hujachungulia. Unafumbua macho yote mawili, unaisogeza darubini hadi nukta ikae juu ya nyota, kisha unainama kutazama.